Mwanafunzi asipandishwe nguzo kabla hajaona laini ikipimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuhusu sisi vijana tunaojifunza ufundi wa laini za umeme katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Ombi langu ni moja. Mwanafunzi aliye fildi, yaani mafunzo ya kazini, asipandishwe nguzo mpaka ameona kwa macho yake laini ikipimwa kama haina umeme na kufungwa ethi, yaani nyaya za kuupeleka umeme ardhini, na asiadhibiwe kwa kusubiri kuona hayo.

Mimi ni binti wa Tandahimba, nasomea umeme katika chuo cha ufundi. Ada yangu inatoka kwenye mikorosho ya baba na mama, kwa hiyo nilipochagua fani hii niliichagua kwa uzito. Sitataja chuo wala kampuni yoyote, kwa sababu sina haja ya kugombana na mtu. Ninachotaka ni utaratibu ubadilike kabla kijana mwingine hajarudishwa kwao kwenye sanduku.

Kazi ya laini kwetu imekuwa nyingi, na hilo ni jema. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, uanze kupeleka umeme vijijini, nguzo zimefika kwenye vitongoji ambavyo mimi nikiwa mdogo tulisomea kibatari. Hapa Mtwara kuna kituo kinachozalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati. Laini za msongo wa kilovoti 33, yaani volti 33,000, zinapanda uwanda wa Makonde kwenda Newala na kwetu Tandahimba, nyingine zinaelekea Masasi. Kila kipande cha kazi hiyo kina mkandarasi wake, na chini ya mkandarasi mara nyingi kuna mkandarasi mdogo zaidi, na chini ya huyo kuna sisi, wanafunzi na vibarua. Kadiri kazi inavyoshuka ngazi hizo, vifaa vya usalama vinapungua. Nimeyaona hayo mwenyewe.

Nafasi yangu ya kwanza ya fildi niliipata kwa mmoja wa hao wakandarasi wadogo. Mwanzoni tulichimba mashimo na kuvuta nyaya. Sikulalamika. Shimo la nguzo ya mita tisa linakwenda chini kama mita moja na nusu, na anayelichimba kwenye mchanga wa pwani anaelewa bila kuambiwa kwa nini nguzo nyingine zinainama baada ya masika moja. Kisha asubuhi moja tukaambiwa laini mpya inatakiwa kuunganishwa na ya zamani. Msimamizi alipiga simu, akasikiliza, akakata. Akanigeukia: "Umeme umezimwa. Wewe binti, vaa vyuma vya kupandia, panda."

Nikamuuliza kama tumeshapima. Akasema simu imetosha. Nikaomba glavu. Glavu za umeme zilikuwepo jozi moja kwa genge zima, na wakati ule zilikuwa kwenye gari lililokwenda kuchukua vikombe vya kushikia nyaya juu ya nguzo. Nikamwambia kwa heshima kwamba nitasubiri gari lirudi. Hakubishana na mimi, alimwita kijana mwingine, kibarua ambaye hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamweleza umeme ni nini, akapanda yeye. Mungu alimsaidia, alishuka salama. Jioni niliambiwa nisirudi tena, na kitabu changu cha mafunzo kikarudi chuoni bila sahihi. Wanaosoma ufundi wanajua maana yake: bila sahihi, fildi haihesabiki.

Mwalimu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru. Akanitafutia nafasi kwenye genge jingine, chini ya foremani mmoja mtu mzima anayekaribia kustaafu. Nitamweleza huyu kwa kirefu, kwa sababu yeye ndiye ushahidi wangu kwamba ninachoomba kinawezekana hapa hapa, kwa vifaa vilivyopo na kwa barabara hizi hizi zenye matope.

Siku niliyoripoti alinitazama akasema, "Mwanangu, nguzo utapanda mpaka uchoke. Lakini kwanza uvijue vifaa vyako." Na kweli, kwa muda mrefu sikupanda. Kila asubuhi kabla ya chai kazi yangu ilikuwa kukagua vifaa mbele yake.

Tulianza na glavu za mpira. Kila jozi ina daraja lake, limeandikwa kwenye ukingo. Daraja 0 mwisho wake ni volti 1,000, daraja 2 ni volti 17,000, daraja 4 ni volti 36,000. Anayevaa daraja 0 akashika laini ya kilovoti 33 hana tofauti na aliye mikono mitupu, na wapo wanaofanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mahali pa kusoma. Unavuta mpira kati ya vidole ukitafuta nyufa. Kisha unaikunja kuanzia kwenye kifundo ili hewa ibanwe ndani, vidole vya glavu vivimbe, halafu unaisogeza shavuni na sikioni, kama fundi baiskeli anayetafuta pancha kwenye tyubu. Tundu lisiloonekana kwa macho utalisikia kwa upepo mdogo kwenye ngozi ya shavu. Glavu yenye tundu haitiwi kiraka. Foremani aliikata vidole hapo hapo kwa kisu, ili asije mtu akaiokota jalalani akaitumia. Juu ya glavu ya mpira inavaliwa ya ngozi, kuikinga na ncha za waya. Haihifadhiwi ikiwa imekunjwa, haiachwi juani kwenye dashibodi, haishikwi kwa mikono yenye grisi, na zile za msongo mkubwa zinatakiwa kurudi maabara kupimwa kila baada ya miezi sita.

Hapa niseme kidogo kwa ajili ya mabinti wenzangu. Glavu nyingi zinazonunuliwa ni za mikono mikubwa. Nikivaa namba 10, ncha za vidole zinabaki tupu na siwezi kushika nati. Mtu asiyeweza kushika nati atavua glavu ili amalize kazi. Kununua jozi za namba 8 na 9 hakuhitaji mkutano wala semina. Aliyeajiri au kupokea wasichana na akawaletea glavu zisizowatosha hajawapa glavu.

Tukaja kwenye plaizi. Madukani zipo plaizi zenye mpini mwekundu wa plastiki, bei yake ndogo, na vijana tunazikimbilia. Plastiki ile imewekwa kwa ajili ya kushikia tu. Plaizi iliyopimwa kuzuia umeme ina alama ya pembetatu mbili zilizopishana na maandishi ya 1000 V kwenye mpini. Na hata hiyo ni ya laini ndogo, ile ya volti 400 na 230 inayoingia majumbani, huwezi kuipeleka kwenye volti 33,000 ukategemea ikulinde. Vifaa havipandi mfukoni wala mdomoni: unapanda na kamba nyepesi, ukishajifunga juu unaishusha, mwenzako wa chini anakufungia ndoo ya vifaa. Spana iliyoanguka kutoka juu ya nguzo inaweza kumuua mtu aliyesimama chini, hata kama umeme umezimwa kijiji kizima.

Mkanda unakunjwa kwa mkono, nyuzi zilizokatika zijitokeze. Kisha unajifunga ukiwa bado karibu na ardhi, unaegemeza uzito wako wote, unasikiliza. Nguzo nayo inapigwa nyundo kuzunguka shina. Nguzo nzima inaitika kwa sauti kavu, iliyoliwa na mchwa au kuoza ndani inaitika kwa sauti nzito iliyokufa. Unafukua udongo kidogo chini yake na kuchokoa kwa bisibisi, kwa sababu nguzo huozea pale inapokutana na ardhi, mahali ambapo majani yanaficha. Nguzo za kwetu zimetiwa dawa na zina ile rangi ya kijani, lakini dawa haidumu milele. Ukipanda nguzo iliyooza halafu ukakata waya uliokuwa unaishikilia, unakwenda nayo chini ukiwa umejifunga mkanda.

Somo alilolikazia kuliko yote lilikuwa kupima. Mafundi wengi tunatembea na tesita ya bisibisi, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Foremani hakutaka kuiona kwenye laini. Kwanza, jua la Mtwara saa sita mchana linameza mwanga wa kile kitaa, utadhani hakijawaka. Pili, kitaa kile kinategemea umeme kidogo upite mwilini mwako kwenda ardhini, na ukiwa kwenye ngazi ya mbao na viatu vikavu njia hiyo ni finyu, kitaa kinaweza kukaa kimya juu ya waya wenye umeme. Yeye alitumia kipimo cha ncha mbili kwa laini ndogo, na kwa laini kubwa kipimo cha mlio kinachofungwa kwenye fimbo ndefu ya faiba. Na kila mara mpangilio ni ule ule: unahakikisha kwanza kipimo kinafanya kazi mahali unapojua kuna umeme, unapima laini yako, halafu unarudi kukijaribu tena kipimo. Kipimo kikifa betri katikati ya kazi, waya wenye umeme utaonekana hauna kitu. Nilimsikia akirudia hivi kwa kila mgeni wa genge, bila kuchoka.

Ndugu Mhariri, naomba sasa nieleze siku iliyonifanya niandike barua hii.

Ulikuwa msimu wa mvua, na upepo wa usiku ulikuwa umeangusha tawi la mwembe juu ya laini ndogo katika kijiji kimoja upande wa Nanyamba. Nyaya zilikuwa zimekatika, nyumba kadhaa za mwisho wa laini hazina umeme. Tulifika, foremani akachomoa fyuzi zote tatu za juu ya transfoma kwa fimbo, akazifungia ndani ya gari na kutia ufunguo mfukoni mwake. Akatundika kibao. Laini ile haikuwa na njia nyingine ya kupata umeme wa gridi. Kama ni kuzima, ilikuwa imezimwa na sisi wenyewe, mchana kweupe, mbele ya wanakijiji. Kijana mmoja wa genge akaanza kuvaa mkanda. Foremani akamzuia kwa mkono, akaniita nije nishike ngazi na kutazama.

Akajaribu kipimo. Kikalia. Akapanda, akapima waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Alipogusa wa tatu, kipimo kikapiga kelele na taa nyekundu ikawaka.

Hakusema neno. Alishuka taratibu, akatusogeza wote nyuma, akaanza kutembea kufuata laini nyumba kwa nyumba. Ndipo nikaona taa ya barazani kwenye nyumba moja inawaka, saa tano asubuhi, na hakuna aliyeishangaa. Nyumba ya jirani yake ilikuwa duka la vinywaji baridi. Nyuma ya duka, chini ya kibanda cha makuti, jenereta ndogo ilikuwa inanguruma. Waya wake ulikuwa na plagi pande zote mbili: upande mmoja umechomekwa kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. Mwenye duka alitaka friji lake lisipoteze ubaridi. Umeme wake uliingia kwenye soketi, ukatoka kwenye mita, ukapanda kwenye nguzo, ukawasha taa ya jirani na kutusubiri sisi juu.

Foremani alimsalimia kwanza. Kisha akamwambia, "Ndugu yangu, zima hiyo mashine, halafu njoo nikuonyeshe umefanya nini." Mwenye duka alizima, akatoka, na alipoelezwa alikaa chini kwenye ndoo. Alikuwa baba wa watu, hana ubaya na mtu. Alidhani umeme wa jenereta unakwenda kwenye friji tu kwa sababu friji ndilo alilotaka kuliwasha. Akasema, "Mzee, naapa sikujua." Nami nilimwamini.

Kilichonitisha baadaye ni hiki. Tungepiga simu popote siku ile, tungejibiwa umeme umezimwa, na jibu lingekuwa la kweli. Anayekaa kwenye kituo anajua swichi zake, hawezi kujua jenereta ya dukani Nanyamba. Ndiyo maana nasema simu haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo, hata simu ya mtu mwaminifu kabisa. Na kama foremani angepima waya wa kwanza na wa pili akaridhika, yule kijana angepanda na kushika wa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wenye jenereta wanatakiwa kulijua. Transfoma haina mlango wa upande mmoja. Ile inayoshusha volti 33,000 kuwa 400, ukiilisha kwa nyuma inapandisha 400 kuwa 33,000. Kwa hiyo fyuzi za juu zikiwa zimebaki mahali pake, umeme wa jenereta ya duka unaweza kupanda kwenye laini kubwa na kumkuta fundi aliye mbali, mahali ambapo hata mlio wa jenereta hausikiki. Dawa yake ni swichi ya kubadilishia, ile chenji ova, inayofungwa ili nyumba iwe kwenye jenereta au kwenye gridi, kamwe isiwe kote kuwili. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, si kishoka. Watu wa Kilwa na Lindi waliopitiwa na Kimbunga Hidaya Mei 2024 wanajua jinsi umeme unavyoweza kupotea kwa upepo, na siku kama hizo ndizo majenereta yanaponguruma kila kona na mafundi wako juu ya nguzo.

Baada ya kupima, inafuata ethi. Hii wengi wanaiona ni mbwembwe. Nyaya fupi nene za shaba zinaunganisha waya zote za laini pamoja na kuzipeleka kwenye chuma kilichozamishwa ardhini, pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi. Unaunganisha ardhini kwanza, laini baadaye, na kwa fimbo, si kwa mkono. Ukimaliza kazi unaanza kuondoa za laini, ya ardhini mwisho. Kazi yake ni kwamba akitokea mtu akarudisha umeme kwa makosa, au jenereta ikawashwa nusu saa baada ya wewe kupima, umeme unakuta njia fupi ya kwenda ardhini na fyuzi zinakatika badala ya wewe kukatika. Pia laini iliyozimwa ikiwa imepita sambamba na yenye umeme inaweza kuvuta umeme hewani. Kipimo kinakuambia hali ya dakika ile tu. Saa zinazobaki unalindwa na ethi.

Nimesikia mafundi wakisema laini ndogo haiui, inapiga tu. Si kweli, na maneno haya yameua. Taa ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 inakula kama miliampia 260. Robo ya hizo ikipita kifuani inatosha kuuvuruga moyo. Chini ya hapo, kuanzia miliampia 10 hivi, misuli ya mkono inajikaza na mtu hawezi kuachia waya. Ngozi kavu inajitahidi kuzuia, lakini niambie ni fundi gani wa Mtwara mwenye ngozi kavu saa nane mchana mwezi wa pili. Kwenye pwani yetu, Mikindani mpaka Lindi mjini, kuna chumvi ya bahari pia. Inatanda kwenye vikombe, umande wa alfajiri ukiilowesha umeme unaanza kutambaa juu ya kikombe kuelekea kwenye nguzo, na usiku mwingine unaweza kuona cheche kwa macho. Nguzo ya mti yenye unyevu na chumvi usiiegemee ukadhani mti hauna umeme.

Najua hoja ya wakandarasi, kwa sababu niliambiwa usoni: mkataba una tarehe, na kila siku ya kuchelewa ina gharama. Sitaki kuidharau. Lakini nimesimama pembeni ya foremani yule mara nyingi, na kupima laini ndogo na kufunga ethi kulikwisha kabla kijana wa genge hajarudi na maji ya kunywa. Gharama ya genge kusimama kwa ajili ya msiba ni kubwa kuliko hiyo kwa kila hesabu. Na wale wanaosema "ajali haina kinga" pindi mtu anapoanguka kutoka kwenye nguzo, wanamsingizia Mungu. Hii ina kinga, tena inabebeka kwenye buti la gari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kijana wa fildi akiwa juu ya nguzo moyo wake hauna tofauti na wa mwajiriwa.

Kwa vyuo vyetu nina maneno ya mtoto kwa mzazi. Tunafundishwa kupanda kabla ya kufundishwa kupima, kwa sababu kupanda kunaonekana na kunavutia wageni siku ya mahafali. Naomba mpangilio ugeuzwe. Vyuma vya kupandia vibaki stoo mpaka mwanafunzi ameweza kukagua glavu, kutumia kipimo na kufunga ethi chini ardhini, kwenye laini ya mazoezi, akiulizwa kila hatua kwa nini. Tufundishwe pia kumshusha mwenzetu kutoka juu ya nguzo kwa kamba. Genge langu la kwanza hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kujaribu. Aliyepigwa shoti na moyo ukasimama akiwa juu, ubongo wake unaanza kuharibika baada ya dakika chache. Kumkandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, kunafanyika akiwa amelazwa chini, na kwa hiyo lazima kwanza ashuke. Gari la wagonjwa kutoka hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, halitafika Nanyamba ndani ya muda huo.

Mwalimu anayetembelea fildi aje siku za mwanzo, asisubiri wiki ya mwisho kuja kuweka alama. Na mwanafunzi aliyekataa kupanda kwa sababu laini haikupimwa, chuo kimpokee na kimtafutie nafasi nyingine bila kumpunguzia kitu. Mimi nilibahatika kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Haifai usalama wa kijana utegemee bahati ya kumpata mwalimu mwema.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi jioni, muulizeni leo nani amepima laini na amepima kwa kitu gani. Akikosa jibu, mpigieni mwalimu wake usiku huo huo.

Ninachopendekeza kwa vitendo ni ukurasa mmoja uongezwe kwenye kitabu cha mafunzo, ujazwe kila siku mwanafunzi anapopanda: mahali, laini ya msongo gani, nani amepima, kila waya umesomaje, ethi imefungwa wapi, glavu ni daraja gani. Chini yake mwanafunzi atie sahihi kwamba ameona mwenyewe, msimamizi atie ya kwake baada ya hapo. Siku isiyo na ukurasa huo isihesabiwe kwa mkandarasi, na asipewe wanafunzi wengine mpaka ajieleze. Ukurasa huo nimeuandika kwa mkono, foremani ameurekebisha mahali pawili na mwalimu wangu ameupitia. Chuo chochote cha Mtwara au Lindi kinachoutaka, kiombe kupitia gazeti lako nami nitautuma.

Wako,
Mwanafunzi wa fani ya umeme,
Mtwara